Jiwe Linalokula: Tatizo la Kutafsiri Malezi ya Matumbawe

Muhula uliopita nilipewa zoezi la kutafsiri maelezo ya kutunza matumbawe magumu yenye polipu kubwa ndani ya tangi la maji ya chumvi. Kwetu ni Lac Vert, magharibi ya mji wa Goma, ambako mawe tunayoyajua ni ya volkano. Nikaandika "mawe ya bahari". Nilipomsomea mama mdogo kwamba mawe hayo yalishwe vipande vidogo vya samaki mara moja au mbili kwa wiki, aliniuliza: "Mtoto yangu, majiwe inakulaka?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Msomaji aliyeambiwa "jiwe" atalisugua kwa brashi, atalisuuza kwa maji ya bomba, na mnyama atakufa. Maana tumbawe ni kundi la wanyama wadogo, yaani polipu, wanaojijengea mifupa kwa kalisi na kaboneti iliyomo majini. Katika aina zenye polipu kubwa, kama Lobophyllia na Galaxea zinazopatikana pia kwenye pwani ya Afrika Mashariki, nyama laini hufunika mfupa wenye makali. Ndani ya nyama hiyo huishi miani midogo sana inayotumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu ya chakula hicho humfikia polipu.

Malezi hufuata umbile hilo. Mkondo wa maji uwe wa wastani, kwani ukipiga kwa nguvu nyama huchanika juu ya mfupa. Mwanga nao uwe wa wastani. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, chumvi gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji, na kalisi miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Majirani watenganishwe kwa sentimita 20 au zaidi, kwa sababu usiku Galaxea hunyoosha minyiri mirefu na kumchoma aliye karibu.

Maelezo yalionya pia kuhusu chumba kisichopitisha hewa: kaboni dayoksaidi ikizidi humo huyeyuka majini, huongeza asidi, na ujenzi wa mfupa hupungua. Hapo sikuhitaji kufafanua sana. Kwetu gesi hiyo hutoka ardhini, hutuama mabondeni na kuua watu na mifugo. Tunaiita mazuku, neno ambalo wataalamu wa volkano wa nchi nyingine wamelichukua kwetu. "Kumbe nayo inaogopaka mazuku," alisema mama mdogo.

Neno moja lilimfundisha hatari. Lingine lilimficha mnyama. Kwa nini? Kwa karne nyingi wajenzi wa pwani walikata matumbawe kwa ajili ya misikiti na nyumba, kama tuonavyo Kilwa, Gedi na Lamu, na wakayachoma kupata chokaa. Nadhani matumizi hayo yamechangia sarufi tuliyo nayo. Kipepeo, ingawa umbo la jina lake ni la KI-VI, "amekufa". Tumbawe "limekufa", kama jani au jiwe. Upatanisho wa wanyama umemfikia mdudu, haujamfikia tumbawe.

Sikuthubutu kuandika "tumbawe anakula", kwa kuwa hakuna mvuvi niliyewahi kumsikia akisema hivyo. Nimegawa kazi: polipu apewe A-WA, kundi zima pamoja na mfupa wake libaki LI-YA. Basi polipu anakula, tumbawe linakua. Nilimsomea tena mama mdogo. Safari hii hakuuliza kama mawe hula. Aliuliza nani atamlisha nikienda masomoni.