Kupokelewa Hospitalini Si Kutibiwa Bure

Swali ambalo wazungumzaji wa Kiswahili walioko Marekani, wawe wakimbizi kutoka Kongo au wahamiaji kutoka Kenya na Tanzania, hawachoki kuliuliza ni hili: ikiwa sheria ya nchi hiyo inaikataza hospitali kumfukuza mgonjwa wa dharura, mbona bili inafika nyumbani baada ya matibabu? Swali hili limesimama juu ya msingi mbovu, yaani imani kwamba sheria iliahidi tiba ya bure, na imani hiyo haistahili kuvumiliwa tena kwa kuwa inahatarisha maisha kwa njia mbili. Mgonjwa mmoja huacha kutafuta bima na kliniki ya kudumu akidhani kwamba idara ya dharura itamtibu figo au kisukari mpaka mwisho. Mwingine, akiisha kupokea bili ya kwanza, huona kwamba sheria nzima ni uongo, kisha siku kifua kinapombana hubaki nyumbani, ilhali sheria ilitungwa kwa ajili ya siku kama hiyo.

Sheria yenyewe, inayojulikana kwa kifupisho EMTALA, ilipitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1986 ili kukomesha desturi ya hospitali binafsi kuzitupia hospitali za umma wagonjwa wasio na bima. Utafiti uliochapishwa mwaka huohuo kuhusu wagonjwa 467 waliohamishiwa Cook County Hospital ya Chicago ulionyesha kwamba asilimia 87 walihamishwa kwa kukosa bima ya kutosha, na kwamba asilimia 24 walifika hali zao zikiwa bado hazijatulia. Uovu uliolengwa ulikuwa kukataliwa na kutupwa, wala si ughali wa matibabu, na anayeisoma sheria hiyo bila kukumbuka lengo hilo lazima ataisoma vibaya.

Wajibu wa kwanza ni uchunguzi. Hospitali yoyote yenye idara ya dharura inayopokea fedha za Medicare, mpango wa bima wa serikali unaohudumia hasa wazee, na hospitali karibu zote huzipokea, inalazimika kumchunguza kila anayefika kuomba huduma, awe raia au si raia, awe na hati za ukaazi au hana, ili kubaini kama ana hali ya dharura. Hali ya dharura ni ile yenye dalili kali, maumivu makali yakiwemo, ambayo isiposhughulikiwa mara moja inaweza kuhatarisha afya ya mtu au kuharibu kiungo chake, na mjamzito mwenye uchungu wa uzazi ana kinga yake mahususi. Muuguzi anayempima mgonjwa shinikizo la damu na joto mlangoni hupanga tu nani aonwe kwanza. Huo si uchunguzi unaotakiwa, na hospitali inayomrudisha mtu baada ya hatua hiyo peke yake haijatimiza wajibu wake. Uchunguzi wa kweli hufanywa na mtaalamu aliyeidhinishwa na hospitali, kwa vipimo vilevile ambavyo angefanyiwa mgonjwa mwenye bima aliyefika na dalili zizo hizo, na hauruhusiwi kucheleweshwa ili karani aulize nani atalipa.

Wajibu wa pili, unaozaliwa pale tu dharura inapothibitika, ni kuituliza hali ya mgonjwa kwa uwezo wote ulioko hospitalini, au kumhamishia kwingine kwa utaratibu: daktari athibitishe kwa maandishi kwamba faida ya safari inazidi hatari yake, hospitali inayopokea iwe imekubali, na kumbukumbu za mgonjwa zifuatane naye. Kutuliza maana yake ni kumfikisha mgonjwa mahali ambapo hatarajiwi kuzorota akiondoka; kwa mwenye uchungu wa uzazi ni mpaka mtoto na kondo la nyuma vitoke. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu kutulizwa si kuponywa. Mtu ambaye figo zimekufa na hana bima anaweza kusafishwa damu siku sumu zinapotishia moyo wake, akaruhusiwa kurudi nyumbani, kisha akalazimika kungoja hatari nyingine ndipo asafishwe tena, na sheria hiyo isiwe imevunjwa popote.

Kuhusu malipo, sheria imesema jambo moja tu, nalo ni kwamba yasitangulie wala yasicheleweshe uchunguzi na utulizaji. Haikufuta deni, haikuanzisha mfuko wa kulilipa, na haikuizuia hospitali kudai baadaye. Kwa hiyo bili si ushahidi kwamba mgonjwa amedhulumiwa. Ushahidi wa dhuluma ni kufukuzwa bila kuchunguzwa au kuhamishwa akiwa mahututi bila utaratibu uliotajwa, makosa yanayoweza kuigharimu hospitali faini ya zaidi ya dola 100,000 kwa kila moja na hata kuondolewa katika Medicare.

Yanayobaki ni ya utekelezaji. Palipo na dharura, mgonjwa aende hospitali, kwa maana kliniki ya kujitegemea isiyo ya hospitali haibanwi na sheria hii. Atamke waziwazi kwamba anaomba kuchunguzwa, adai mkalimani, ambaye hospitali inatakiwa kumtoa bila malipo, na atoe jina lake halisi, kwa kuwa kadi ya bima ya kuazima huchanganya kumbukumbu za damu na mzio. Bili ikifika asiifiche: aombe mchanganuo wake, aulize kama anastahili Medicaid ya dharura, sehemu ya bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo huwafikia hata baadhi ya wasio na hati, na kama hospitali ni ile isiyotafuta faida aombe msaada wa kifedha ndani ya siku 240 tangu bili ya kwanza. Aliyefukuzwa alalamike kwa mamlaka ya afya ya jimbo, na akikusudia kuishtaki hospitali asipitishe miaka miwili. Kwa ugonjwa wa kudumu atafute kliniki za jamii zinazotoza kulingana na kipato, kwa sababu huko ndiko tiba ya kuendelea ilipo, na hakuna hakimu atakayeilazimisha idara ya dharura kuwa mahali pake.