ASKARI WALIOMO MWILINI MWAKO

Ukichomwa na mwiba shambani, mahali pale huvimba na kuuma. Pengine hutunga usaha. Watu wengi hufikiri uvimbe huo ndio ugonjwa wenyewe. Sivyo. Uvimbe ni dalili kwamba mwili unapigana.

Mtaalamu aliyetufumbua macho ni Élie Metchnikoff. Alizaliwa mwaka 1845 katika nchi ya Ukraine, wakati huo ikitawaliwa na Urusi. Mwaka 1882 alikuwa Messina, mji wa pwani ya Italia. Huko alichunguza mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Watoto wa mnyama huyu ni wadogo sana, na ndani ya miili yao huonekana kama ndani ya chupa. Metchnikoff aliwachoma kwa miiba. Kesho yake asubuhi alitazama kwa darubini. Akaona chembe hai nyingi zimeuzunguka mwiba, kama siafu wanavyomzunguka panzi.

Akafikiri hivi: katika damu yetu zimo chembe nyeupe. Kazi yake ni kuwala vijidudu vya maradhi.

Wataalamu wengi walimpinga. Baadhi walisema kinga imo katika maji ya damu, si katika chembe. Metchnikoff hakukata tamaa. Tangu mwaka 1888 alifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur, mjini Paris, mpaka alipofariki mwaka 1916. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani, aliyechunguza kinga ya maji ya damu. Wote wawili walisema kweli. Chembe nyeupe hula vijidudu, na katika maji ya damu zimo silaha za kuvinasa.

Basi usaha ni nini? Sehemu yake kubwa ni chembe nyeupe zilizokufa vitani.

Askari hawa wanahitaji msaada wako. Ukiumia, osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Usipake udongo wala kinyesi cha ng'ombe. Humo huweza kuwamo vijidudu vya pepopunda. Kula chakula bora. Mpeleke mtoto kliniki apate chanjo zote kwa wakati. Chanjo huwafundisha askari kumtambua adui kabla hajaingia.

Lakini askari huweza kuzidiwa. Ukiona uvimbe unaenea, au ukipata homa, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.