Kwa Nini Sikurudi na Mashine ya Tangawizi

Kwenye grupu la ukoo mtu ameandika kwamba nilikwenda Shandong kula bata. Sisi Wapare tunasemwa kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, kwa hiyo huu uhesabiwe kuwa utetezi wangu. Ng'ombe keshauzwa: nauli ya treni ya kasi kutoka hapa Guangzhou nilijilipia mwenyewe.

Nilichotumwa ni mashine ya kuosha, kukata na kukausha tangawizi ya Mamba Miamba, kwetu milimani Same. Kiwanda kule kilizinduliwa na Rais Kikwete mwaka 2012, ila magunia ya tangawizi mbichi yanaendelea kushuka mlimani. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa tangawizi mbichi ni maji. Anayeisafirisha hivyo hivyo analipa lori limbebee maji.

Nikaenda Laiwu, huko Shandong, mji uliofanywa wilaya ya jiji la Jinan mwaka 2019. Tangawizi ya huko ni nene, vidole vikubwa, ngozi laini. Inapitishwa juu ya roli za brashi zinazozunguka chini ya mabomba ya maji. Inaingia na udongo upande huu, inatoka inang'aa upande wa pili. Nikamwonyesha fundi picha za yetu kwenye simu: ndogo, vifundo vifundo, udongo mwekundu umeshikamana kwenye mikunjo. Akatikisa kichwa. Brashi zile zingepita juu juu tu. Yetu inataka brashi za nywele ndefu, nazo zinaisha upesi.

Yeye zikimwishia anavuka barabara kununua. Mikanda, beringi, mota, vyote vinapatikana mtaa ule ule. Kule Mamba Miamba mkanda ukikatika, mtu anapanda basi hadi Same, akikosa anaendelea Moshi, na mzigo uliokwisha kuoshwa unaoza. Mashine ingefika, lakini mtaa wa vipuri nisingeweza kuufunga kwenye kontena. Wahunzi wetu wa Ugweno, Washana, waliyeyusha chuma na kuuza majembe hadi Uchagani kwa sababu chuma, mkaa na fundi vilikuwa mlima mmoja. Wanaonilaumu waanzie hapo.

Halafu kuna suala la saa sita mchana. Fundi alikuwa ananitajia bei, kengele ikalia, akaondoka kabla hajamaliza tarakimu. Watu wakala haraka haraka, taa zikazimwa, maboksi yakatandikwa sakafuni, wengine wakalaza vichwa mezani. Meneja naye akavua viatu akajinyoosha. Nilikaa gizani na kalamu mkononi hadi karibu saa nane. Katiba ya China ya 1982, ibara ya 43, inampa mfanyakazi haki ya kupumzika, ingawa usingizi huu ni mazoea ya zamani kuliko katiba hiyo. Wanaamka wepesi, wanachapa kazi hadi jioni. Kwetu ukijilaza mchana wakati wenzako wako kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, unaulizwa kama una malaria, na jibu lolote lingine ni uvivu.

Shuleni kwa wanangu hapa Guangzhou ni hivyo hivyo, viti vya darasani vinakunjuliwa kuwa vitanda. Binti yangu analala kwa nidhamu ya askari. Mdogo wake anakodolea dari macho, na mimi nimeshaitwa na mwalimu kwa kosa la mtoto kuwa macho. Nilipewa hadi karatasi ya ushauri: asinywe chai, asichezee simu asubuhi, baba amwimbie. Nimemwimbia. Alicheka mpaka akapaliwa.

Mwisho wa wiki bibi yao hupiga simu kutoka Vunta, kwetu Upareni, saa mbili asubuhi, ambayo huku ni saa saba mchana, akimkuta binti chali. "Anaumwa nini?" Nimeeleza mara nyingi, bado anamtumia salamu za pole. Mdogo alipopewa simu alikuwa na swali moja tu: shule ya kwa bibi wanalazimisha watu kulala? Akaambiwa hapana. Sasa anataka kuhamia Vunta, na dada yake anasema haendi hata likizo mpaka ahakikishiwe kitanda.