Fahamu: Maisha ya mgonjwa wa saratani iliyofika uti wa mgongo hupimwaje?

Saratani ya titi, ya tezi dume au ya mapafu ikisambaa, mara nyingi hufika kwenye pingili za uti wa mgongo. Huko huleta maumivu makali, hasa usiku, miguu kulegea na hata kushindwa kuzuia mkojo. Kwa wengi, matibabu hayalengi tena kuiondoa saratani yote. Basi daktari atajuaje kama yamesaidia?

Mwaka 2005, jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Marekani wa wagonjwa 101 ambao uvimbe ulikuwa umebana neva kuu ipitayo ndani ya uti wa mgongo. Baada ya matibabu, asilimia 84 ya waliofanyiwa upasuaji kisha mionzi waliweza kutembea. Kwa waliopewa mionzi pekee, walioweza walikuwa asilimia 57. Tofauti kubwa, lakini kutembea si maisha yote. Mtu anaweza kufika chooni mwenyewe na bado asilale kwa maumivu, au aone amekuwa mzigo kwa wanawe.

Ndiyo maana wataalamu wa uvimbe wa mgongo waliunda dodoso liitwalo SOSGOQ, mahususi kwa wagonjwa hawa. Huuliza kuhusu maumivu, nguvu za miguu na mikono, haja ndogo na kubwa, hofu, huzuni, na uhusiano na jamaa. Anayejibu ni mgonjwa mwenyewe, kabla ya matibabu na baadaye, kwani picha ya MRI huonyesha uvimbe, haionyeshi amelalaje.