Picha za Wageni wa Kwanza: Tuziamini Namna Gani?

Mara hii tunapenda kueleza jambo ambalo haliko ndani ya kaye zetu za historia: picha zinazoonyesha namna watu walivyopokea wazungu wa kwanza.

Huko Japani, meli za vita za Marekani zilifika mwaka 1853, na mwaka 1859 bandari ya Yokohama ikafunguliwa kwa wafanyabiashara wa nje. Mafundi wakachonga sura za wale wageni juu ya mbao, wakazipaka rangi na kupiga chapa karatasi nyingi. Kumbe wengine hawakuona mgeni hata mmoja! Walifuatisha tu picha za magazeti ya Ulaya.

Na sisi je? Tuko na Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Katanga, aliyezaliwa mwaka 1947. Yeye alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Picha za namna hiyo watu walitundika katika saloni, wakaziita ukumbusho. Mwaka 1973 na 1974, wakati nchi iliitwa Zaire, alichora historia yake yote, karibu picha 100, akamweleza mwalimu Johannes Fabian kwa Kiswahili. Ndani yake yumo Diogo Cão, Mreno aliyefika kwenye mdomo wa mto Kongo mwaka 1482. Wamo pia Waarabu wenye kufunga watumwa.

Sasa, Tshibumba hakuwako mwaka 1482. Alidanganya? Hapana. Picha yake haitufundishi Diogo Cão alivaa nguo gani. Inatufundisha namna Mkongomani, nyuma ya utawala wa Wabelgiji, alivyofikiri juu ya mkutano ule. Kwa hiyo mbele ya kila picha tuulize: nani alichora? Habari alipata wapi? Alimchorea nani?

Nyingi za picha zile zinatunzwa Amsterdam, mbali nasi. Hapa Goma, lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilimeza nyumba nyingi pamoja na vitu vya kuta zake. Kitambaa kinaungua, na mzee naye anakwenda na maneno yake. Basi wakati wa likizo, kila mmoja wetu aulize wazee wa kwao juu ya wageni wa kwanza, aandike, na kama anajua kuchora, achore. Tusingoje wengine watutunzie ukumbusho wetu.