Mshindi Hubebeshwa Mzigo

Jumapili alasiri, katika mashindano ya magari ya British Touring Car Championship, BTCC kwa kifupi, kuna dakika moja isiyo na kelele za injini ambayo inaweza kugeuza msimu mzima. Mbio za pili za siku zimekwisha. Mtu anatia mkono mfukoni na kutoa kipira chenye namba. Ikitoka 9, dereva aliyemaliza wa tisa ataanza mbio za tatu akiwa mbele ya wote, wa nane atakaa ubavuni mwake, na yule aliyetoka kushinda atajipanga wa tisa, magari manane yakiwa yamemziba njia. Kwa miaka mingi bahati nasibu hiyo ilikuwa ya namba 6 hadi 10. Baadaye ikapanuliwa hadi 12.

Anayeutazama mchezo huu kwa mara ya kwanza huuliza, na ana haki ya kuuliza: mbona aliyefanya vizuri ndiye anayeadhibiwa? Jibu linahitaji kuipitia wikendi nzima, toka Jumamosi asubuhi hadi bendera ya mwisho. Niseme mapema ninaposimama. Naamini kanuni za kumbebesha mshindi mzigo ndizo zilizoufanya mchezo huu udumu, na kwamba asiyezijua hutazama gari la kwanza tu na kukosa sehemu iliyo bora zaidi.

Magari ya dukani, vyuma vya mbio

Mashindano haya yalianza Uingereza mwaka 1958 kwa jina la British Saloon Car Championship. Jina la sasa lilikuja 1987. Wazo lake halijabadilika: magari yanayofanana na yale yanayouzwa dukani yanakimbizana kwenye njia ya lami iliyofungwa. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyekulia na Safari Rally atambue tofauti moja kubwa. Kwenye rali, gari huondoka peke yake na kushindana na saa. Hapa yote huondoka kwa pamoja, bampa kwa bampa, na kona ya kwanza haiyatoshi yote.

Hata hivyo, magari yenyewe ni ndugu. Mwaka 1964 Peter Hughes na Bill Young walishinda East African Safari kwa Ford Cortina GT. Mwaka huohuo Jim Clark, aliyekuwa bingwa wa dunia wa Formula One mwaka mmoja kabla, alitwaa ubingwa wa magari ya saluni wa Uingereza kwa Lotus Cortina. Gari la jina lile lile lilitamba kwenye tope letu na kwenye lami yao.

Gari la BTCC la miaka ya karibuni kwa nje ni Hyundai i30, BMW, Ford Focus au Toyota Corolla. Ndani ni habari nyingine. Kanuni zilizoanza kutumika 2011 zinalazimisha timu zote zitumie vipuri vingi muhimu vya aina moja: fremu za mbele na nyuma zinazobeba saspensheni, breki, giaboksi ya gia sita. Injini ni ya lita 2 yenye turbo, na waandaaji hupandisha au kushusha presha ya turbo ili injini za kampuni mbalimbali zikaribiane nguvu. Kusudi ni kwamba fedha zisinunue ushindi kirahisi. Anayetaka kumpita mwenzake atafute sehemu ya sekunde kwenye upepo wa tairi, kwenye ugumu wa springi, na kichwani mwa dereva.

Jumamosi ya kusaka sekunde

Jumamosi ni siku ya mazoezi na kufuzu. Mazoezi ni mafupi, na mafundi huyatumia kujaribu gari: linapinda upesi au linagoma, linatulia likifungiwa breki au linatikisa mkia. Alasiri ndipo muda huanza kuhesabiwa kwa ajili ya kupanga safu ya kuanzia.

Chukulia njia fupi ya Brands Hatch, mkoani Kent, kusini mashariki mwa London. Ina urefu usiofika kilomita 2, na gari la BTCC huimaliza kwa chini ya sekunde 50. Si ajabu magari zaidi ya kumi kutenganishwa na chini ya sekunde moja. Dereva aliyechelewa kukanyaga mafuta mara moja tu, kwenye kona moja tu, hujikuta amepoteza nafasi tano.

Kona ya kwanza ya njia hiyo, Paddock Hill, yatosha kueleza kazi yenyewe. Dereva anaifikia akiwa juu ya kilima, kwa kasi, na haoni kona inakoishia. Anafunga breki gari likiwa bado linapanda kidogo, anakata kulia, kisha ardhi inamkimbia chini ya magurudumu na gari linakuwa jepesi wakati hasa anapohitaji tairi zishike. Chini ya bonde uzito unarudi wote kwa mkupuo, na hapo hapo anaanza kupanda kuelekea Druids, kona kali inayorudi ilikotoka. Aliyeingia Paddock Hill vibaya hulipia Druids, kwa sababu anayemfuata amekuja na kasi zaidi na ameshaingiza pua ya gari upande wa ndani.

Mbele au nyuma

Kuna jambo ambalo mtazamaji akilijua ataweza kubashiri mengi. Magari mengi ya BTCC husukumwa na magurudumu ya mbele, na machache, hasa BMW, husukumwa na ya nyuma. Taa zikizimika na gari kuondoka kutoka kusimama, uzito hukimbilia nyuma. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hupata mshiko na kuchomoka. Lile la magurudumu ya mbele hupungukiwa mshiko na kuzungusha tairi bure. Ndiyo maana BMW iliyopangwa wa sita huweza kufika kona ya kwanza ikiwa ya tatu.

Mbio zikiendelea, gharama huhamia kwenye tairi. Kwenye gari la magurudumu ya mbele, tairi mbili za mbele zinafanya kazi karibu zote: kuvuta, kupinda, na sehemu kubwa ya kufunga breki. Zikichemka huanza kuteleza, na dereva aliyekuwa akikimbia mbele anaanza kujilinda. Hali hii huonekana wazi Thruxton, mkoani Hampshire, njia iliyojengwa kwenye uwanja wa zamani wa ndege za kivita na ambayo ndiyo ya kasi kuliko zote Uingereza. Kona zake ndefu za mwendo mkali husaga tairi bila huruma, na mara nyingi ushindi huenda kwa aliyekuwa na subira mwanzoni.

Jumapili, mbio tatu

Jumapili kuna mbio tatu, kila moja ya nusu saa hivi au chini ya hapo, bila kusimama kujaza mafuta wala kubadili tairi. Katikati yake hukimbia madaraja mengine, yakiwemo ya vijana: Lando Norris alipitia Ginetta Junior na mbio za Formula za vijana kwenye wikendi hizi kabla ya kufika Formula One.

Mbio za kwanza zinapangwa kwa matokeo ya kufuzu. Za pili zinapangwa kwa matokeo ya za kwanza. Za tatu zinapangwa kwa kile kipira.

Juu ya hapo kuna mzigo wenyewe. Kwa muda mrefu ulikuwa mzigo hasa, vyuma vinavyofungwa ndani ya gari. Waliokuwa juu kwenye msimamo walianza wikendi na uzito wa ziada, kisha ukagawiwa upya kwa matokeo ya kila mbio. Kuna misimu ambayo wa kwanza alibeba kilo 75, sawa na kumpakia mtu mzima kwenye kiti cha abiria. Uzito huo haukuonekana kwenye televisheni, lakini dereva aliujua: ilibidi afunge breki mapema zaidi akiingia Druids, gari lilichelewa kuitika usukani, na tairi za mbele zilichoka kabla ya wakati wake.

Mwaka 2022 vyuma viliondolewa na badala yake ukaingia mfumo wa umeme. Dereva alibonyeza kitufe akapata nguvu ya ziada kwa hadi sekunde 15 katika mzunguko mmoja, na aliyeongoza msimamo alipunjwa sekunde hizo au kunyimwa kabisa. Mwaka 2025 betri nazo zikatolewa, na nguvu hiyo ya ziada ikawa ya kuongeza presha ya turbo. Kifaa kimebadilika mara mbili ndani ya miaka michache, lakini nia ni ile ile.

Kwa nini iwe hivi

Wapo wanaosema huu si uungwana: mwenye kasi aachwe ashinde. Nawaelewa, lakini historia ya BTCC yenyewe inawajibu.

Miaka ya 1990 kampuni za magari zilimwaga fedha. Mwaka 1994 Volvo ilileta 850 ya familia yenye buti ndefu, na Alfa Romeo ikaja na 155 ya Gabriele Tarquini aliyechukua ubingwa. Mashabiki walifurika na sifa zikavuka mipaka ya Uingereza. Nyuma ya pazia, gharama zilipanda kiasi kwamba timu ndogo zilikuwa zinajaza safu tu. Matt Neal aliposhinda Donington Park mwaka 1999 akiwa na Nissan ya timu binafsi, waandaaji walimlipa pauni 250,000, zawadi waliyoiweka kwa dereva wa timu binafsi atakayezishinda timu za viwanda. Ukiona mashindano yanaahidi robo milioni ili mdogo ashinde mara moja, ujue usawa umeshatoweka.

Mwisho wake ulikuja upesi. Kufikia mwaka 2000 kampuni zilizobaki ni Ford, Honda na Vauxhall, na mwaka uliofuata ikabidi kuanza upya kwa kanuni za gharama nafuu na magari machache uwanjani. Kanuni hizo ndizo zilizowafungulia mlango wengine. Mwaka 2005 Neal yule yule, akiendesha Honda Integra ya timu ya familia yake, alikuwa bingwa.

Kwa hiyo nikiona mshindi akipangwa wa tisa, naona bei inayolipwa ili timu ya gereji moja iweze kulala Jumamosi ikiwa na matumaini. Na aliye bora hapotei. Colin Turkington na Ashley Sutton wamechukua ubingwa mara nne kila mmoja chini ya kanuni hizi. Mzigo haukuwazuia, uliwalazimisha kuwa na aina nyingine ya ubora.

Hesabu ya wa tano

Aina hiyo ya ubora inaonekana kwenye pointi. Mshindi hupata 20, wa pili 17, wa tatu 15, wa nne 13, wa tano 11, na kuendelea hadi wa 15 anayepata 1. Kuna pointi moja moja za nyongeza, kama ile ya mzunguko wa kasi kuliko yote.

Sasa, ukiacha nyongeza, piga hesabu ya Jumapili moja. Dereva A ameshinda mbio za kwanza, amemaliza wa tisa za pili akiwa chini ya mzigo wa mshindi, na za tatu amegongwa akaishia kwenye mchanga: 20, 7, sufuri. Jumla 27. Dereva B amekuwa wa tano mara zote tatu, na huenda kamera haikumwonyesha hata kidogo. Ana 33. Rudia hesabu hiyo kwa wikendi kumi na utajua kwa nini mameneja wa timu huwahimiza madereva wao kulinda nafasi ya sita kana kwamba ni kombe.

Fainali ya 2019 pale Brands Hatch, kwenye njia ndefu, iliweka hayo wazi. Turkington alizungushwa kwenye mbio za pili baada ya kuguswa na gari la Neal, akaporomoka, na ikabidi aanze mbio za tatu akiwa nyuma sana. Alipenya kati ya magari, moja baada ya jingine, akiokota pointi. Mbele yake Dan Cammish alikuwa kwenye nafasi ya kumvua ubingwa. Ikiwa imebaki mizunguko isiyofika miwili, breki za Cammish zilikufa akielekea kona ya Hawthorn na gari likaenda moja kwa moja nje. Turkington alikuwa bingwa kwa tofauti ya pointi 2. Wengi walisema ni bahati. Lakini bahati ile ingepita bure kama dereva wa nyuma angekata tamaa baada ya mbio za pili. Zile nafasi alizozipigania katikati ya msongamano ndizo zilizomweka mahali ambapo kosa la breki za mwingine lingemfaa.

Ukipata nafasi ya kutazama wikendi ya BTCC, basi, kabla ya mbio za tatu andika kwenye karatasi majina matatu yanayoongoza msimamo na nafasi wanazoanzia. Kisha acha kumtazama wa kwanza. Watazame hao watatu wakiwa wa saba, wa tisa, wa kumi na moja. Angalia nani anavumilia nyuma ya gari la polepole hadi tairi zake zipoe, na nani anajitupa ndani Druids kwa pupa. Ubingwa unaamuliwa huko, na mara nyingi mshindi wa mbio zile hana habari nao.