Dagaa Hawajui Jumapili

(Mazungumzo ya redio ya juma hili)

Mama mmoja wa Ujiji alinisimamisha njiani, beseni tupu likiwa kichwani, akaniuliza swali ambalo nililijibu kwa haraka, na jibu lile likanikosesha usingizi. Alisema, "Ndugu yangu, hii ni Jumapili ya tatu sijaingia kanisani. Dagaa wanafika alfajiri, nisipowaanika wanaoza. Je, mimi bado nimo?" Nikamwambia, "Mama, Mungu anaelewa," nikaendelea na safari yangu. Sasa, mtu akikuuliza kama bado yumo, haumjibu kwa kupunga mkono. Kwa hiyo leo namjibu upya, na ninyi mnisaidie kusikiliza.

Nawaomba radhi walioko mwaloni, maana hapa itabidi nieleze mambo wanayoyajua kuliko mimi. Msikilizaji wa mjini aghalabu huwafahamu dagaa wa Kigoma wakiwa ndani ya gunia au kwenye sufuria. Dagaa huvuliwa usiku, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Mwanga huwavuta samaki, wavu unashushwa, na mitumbwi hurudi Kibirizi, Katonga na Ujiji kunapopambazuka. Kina mama huwa wamekwisha kufika, wamejifunga vitenge, wanangoja. Baada ya hapo ni mbio: kununua kwa beseni, kubeba, kutandaza juu ya mchanga au kichanja, kugeuza, kufukuza kunguru na kuku, kutazama wingu. Jua la siku moja likiwaka sawasawa, mtaji umepona. Mvua ikinyesha, na huku kwetu hunyesha kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili hivi, mama hurudi nyumbani na harufu mbaya na deni. Samaki hawaulizi kama leo ni Jumapili. Wala hawaulizi kama ni Jumamosi, maana ndugu zetu Wasabato wana shida hiyo hiyo siku moja kabla.

Swali la mama yule si geni. Karibu mwaka 412 mjane mmoja wa Kirumi aitwaye Proba, aliyekimbilia Afrika baada ya mji wa Roma kutekwa mwaka 410, alimwuliza Askofu Augustino wa Hippo namna ya kusali. Hippo ni mji wa Algeria ya leo, unaitwa Annaba. Augustino alimjibu kwa barua ndefu, na ndani yake akataja desturi ya watawa wa Misri: walikuwa na sala nyingi lakini fupi mno, zinazorushwa kama mishale, ili moyo usichoke wala kupoa. Nataja Algeria kwa sababu Wamisionari wa Afrika, ambao wengi tunawaita Mapadri Weupe, shirika lao lilianzishwa huko Algiers mwaka 1868, na kundi lao la kwanza liliingia Ujiji Januari 1879, miezi michache baada ya wamisionari wa Kiprotestanti kutoka London. Basi njia ile ya Augustino na njia iliyoleta Misa ya kwanza ufukweni kwetu zilianzia nchi moja.

Sala ya mshale ndiyo sala ya mwaloni. Wakati wa kungoja mitumbwi ni mrefu, mikono haina kazi, na giza linamfunika kila mtu. Wengine husimulia habari za majirani, nami sitajifanya mtakatifu, umbea wa alfajiri una ladha yake. Lakini katika saa hiyo mama anaweza kumtaja kila mtoto wake kwa jina mbele ya Mungu, mmoja baada ya mwingine, bila kitabu na bila kupiga magoti. Akianza kutandaza, neno moja la shukrani. Akigeuza, jina la mgonjwa. Wakatoliki wana urithi wa kengele ya Malaika wa Bwana, saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, na anayeisikia husimama kidogo akasali. Na asiyekuwa na kengele, Ujiji ina adhana. Namfahamu mama Mkristo anayeamshwa na adhana ya alfajiri miaka yote, na kabla hajavaa viatu amekwisha kusali Baba Yetu. Sioni aibu yoyote hapo. Mwadhini anaita watu wake, naye anamwitikia Mungu wake.

Wapo watakaosema kwamba kazi ni kazi na sala ni sala. Wazee wa jangwani huko Misri walikuwa na mabishano hayo. Watu fulani walimwendea Abba Lusio, karibu na mji wa Aleksandria, wakajisifu kwamba wao hawafanyi kazi ya mikono, wanasali tu mchana na usiku. Akawauliza kama hawali. Wanakula. Hawalali? Wanalala. Basi nani anasali badala yenu wakati huo? Hawakuwa na jibu. Mzee akawaeleza kwamba yeye hukaa akisokota kamba huku akisali sala fupi, na jioni akipata fedha, sarafu mbili huziacha mlangoni kwa maskini. Atakayeziokota atamwombea, na kwa hiyo hata yeye akiwa amelala sala yake inaendelea. Masimulizi haya yana zaidi ya miaka 1,500, lakini mzee yule ukimpa beseni na kumpeleka Kibirizi, sidhani kama atapotea.

Hata hivyo kuna sehemu moja ambayo mama asiipite upesi, nayo ni kipimo. Dagaa wa mchangani hubeba mchanga, na mchanga una uzito. Wapo wanaoukung'uta, na wapo wanaouacha makusudi. Wapo wanaouza dagaa ambao hawajakauka vizuri, wakijua fika kwamba mnunuzi wa Tabora au Dar es Salaam atafungua gunia treni imeshafika mbali. Kitabu cha Mithali kimekemea mizani ya udanganyifu muda mrefu kabla ya kilo kufika Kigoma. Mama aliyekosa ibada tatu lakini kipimo chake ni cha haki, mimi namwona yuko karibu na Mungu kuliko aliyekaa benchi la mbele huku gunia lake lina mchanga. Najua wapo watakaonikasirikia.

Kadhalika sikubaliani na wanaowauzia kina mama mafuta na maji ya kuvuta wateja. Mama mwenye deni la mtaji ni rahisi kumshika, naye hulipa kwa fedha ambayo ingenunua chanja za waya.

Tusije pia tukafanya sala ya moyoni kuwa kichaka cha kujificha. Wengi wetu tunaosema "mimi nasalia nyumbani" hatusali nyumbani wala popote. Mtu peke yake huchoka. Kwa sababu hiyo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika miaka ya 1970, walisisitiza jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, nyumba chache zinazokutana kila juma, na makanisa mengine nayo yana vikundi vyao vya kina mama. Ukikosa Jumapili, jumuiya itajua. Itakuja kukugongea, au siku hizi itakutumia ujumbe kwenye simu, ingawa simu ina matatizo yake: unaifungua usome Zaburi, unajikuta unatazama harusi ya mtu usiyemjua.

Mwaka 2024 tuliona upande wa pili wa jambo hili. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Ziwa zima likafunga, kama watu wanavyofunga Kwaresima au Ramadhani. Jumapili zote zikawa wazi. Lakini mfuko mtupu nao unajua kumzuia mtu asiende kanisani: sadaka hakuna, na jina lako linasomwa mbele ya watu kwenye orodha ya wasiomaliza michango. Desturi hiyo ya kusoma majina, kwa maoni yangu, imewatoa kanisani wanawake wengi kuliko dagaa walivyofanya. Viongozi wanaonisikiliza waniwie radhi, lakini waifikirie.

Sasa nirudi kwa mama yangu wa Ujiji. Kwanza, kama ni Mkatoliki, Misa ya Jumamosi jioni inahesabika kuwa ya Jumapili, aulize parokiani kama ipo. Pili, autazame mwezi. Kila mvuvi anajua kwamba mbalamwezi ikiwaka sana taa hazivuti samaki, na mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Hizo ndizo siku za mama kuhudhuria jumuiya, kuungama, kutembelea wagonjwa. Na hapa kuna jambo linalonifurahisha kila nikilifikiria. Pasaka huhesabiwa kwa mwezi: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Ndiyo kusema Alhamisi Kuu na Ijumaa Kuu daima huangukia karibu na mbalamwezi, wakati ambapo mitumbwi mingi imevutwa nchi kavu. Kalenda ya kanisa na kalenda ya ziwa zimepatana hapo bila kikao.

Idi ndogo, kwa upande wake, huja na mwezi mwandamo, usiku wa giza, wakati dagaa wanapovuliwa kwa wingi. Asubuhi ile jirani Mwislamu anataka kwenda kuswali na kuwavisha watoto, na dagaa wake wako juu ya kichanja. Ujiji watu wameishi pamoja miaka mingi, katika nyumba nyingi wa dini hizi mbili wanakula sahani moja. Mama amwendee jirani yake leo leo, waelewane: Jumapili asubuhi wewe nigeuzie dagaa wangu saa mbili tu, na siku ya Idi wa kwako wote niachie mimi, hadi jioni. Akikubali, na sioni kwa nini akatae, Jumapili ijayo mama ataoga mapema, atamkabidhi fimbo ya kufukuzia kunguru, na kengele ya pili itamkuta yuko njiani.